Kung'oa lantana msituni isirudi: mwongozo kamili kwa vikundi vya kujitolea Nairobi

Kila mwaka masika yakiisha, viongozi wa vikundi vinavyong'oa lantana, kichaka cha kigeni kinachosonga miche ya asili, huniuliza swali lilelile: "Tulifyeka lantana, tukapanda miche, tukapiga picha. Mbona imerudi nene kuliko mwanzo, na miche haionekani?" Wengine ni vijana wa kanisa, wengine wafanyakazi wa ofisi waliokuja Jumamosi moja, wengine wakazi wa mitaa inayopakana na misitu ya Karura au Ngong Road. Wote wameteleza mahali pamoja: walitumia panga pale palipohitaji sururu, kisha hawakurudi.

Mwongozo huu unalenga misitu ya Nairobi iliyo chini ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS), yenye udongo mwekundu na mvua mara mbili kwa mwaka. Msomaji wa Pugu au Mombasa atabadilisha miezi na aina za miti. Kazi ya mzizi ni ileile popote.

## Vifaa vya watu 10

- Sururu 3 zenye bapa upande mmoja. Hiki ndicho chombo chenyewe. Vingine ni vya kusaidia.
- Mikasi 2 mikubwa ya kupogolea, ile ya mipini mirefu.
- Mapanga 2, si zaidi. Kikundi chenye mapanga 10 kitafyeka, hakitang'oa.
- Majembe 2 ya mashimo.
- Glavu za ngozi, jozi moja kwa kila mtu. Za kitambaa hupenywa na vijiba vya lantana dakika ya kwanza.
- Gambuti au viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali nzito na mikono mirefu.
- Magunia 5 ya matunda na vichwa vya maua.
- Kamba ya mita 50, vigingi 4 vya kona, fito za kutosha kila mche, na vitambaa vya rangi kali.
- Sanduku la huduma ya kwanza, na simu yenye namba ya askari wa msitu wa zamu.
- Daftari na kalamu.

Maji yabebwe kwenye chupa za kudumu. Tangu 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi ndani ya hifadhi za Kenya, misitu ikiwemo, na askari wa lango ana haki ya kukuzuia na katoni zako za maji.

Dawa ya kuua magugu haimo humu kwa makusudi. Mtu wa kujitolea asiye na mafunzo, akinyunyizia karibu na mto, ataua mengi kuliko lantana.

## Hatua ya 1: Kibali na kiwanja kidogo

Andika barua kwa msimamizi wa msitu, na upitie chama cha jamii cha msitu huo. Karura na Ngong Road vyama hivyo vipo, na Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, pia ina chama cha marafiki wake. Kukata au kung'oa mmea katika msitu wa umma bila ruhusa ni kosa la kisheria, hata mmea wenyewe ukiwa gugu. Sababu ya pili ni ya kazi: msimamizi anajua ni wapi tayari kuna mpango wa kupanda, na ni wapi wanyama wamejificha.

Omba kiwanja cha mita 10 kwa 10. Najua kinaonekana kama dharau kwa kikundi cha watu 10 wenye nguvu. Lakini lantana iliyokomaa ikifanyiwa kazi hadi mzizini, eneo hilo linatosha asubuhi nzima, na ndilo mtakaloweza kulirudia. Ekari moja iliyofyekwa kijuujuu inaipa lantana kile inachokipenda: jua na udongo uliotifuliwa.

Kataa kiwanja kilicho kwenye mteremko mkali wa mto. Kingo za Ruiruaka na Gitathuru zikivuliwa kichaka kwa siku moja, mvua ya Aprili itaondoka na udongo. Huko kazi hufanywa kwa mistari myembamba inayokata mteremko, chini ya usimamizi wa mtu wa KFS.

Piga vigingi vinne vya kona, zungusha kamba, chora ramani ndogo daftarini ukitaja alama isiyohama: mti mkubwa, jiwe, namba ya njia panda. Msimu ujao kichaka cha jirani kitakuwa kimefunika vigingi, na ramani ndiyo itakayokurudisha.

Wakati gani? Mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi. Jua bado ni kali kiasi cha kukausha visiki, na mvua ya kupandia haiko mbali. Udongo ukiwa mgumu mno, ngoja manyunyu ya kwanza. Kung'oa katikati ya Aprili ni kosa, kwa kuwa kisiki kilicholala kwenye tope huota mizizi mipya.

## Hatua ya 2: Jua unachong'oa

Hapa ndipo miti ya asili hufa mikononi mwa watu wenye nia njema. Kabla ya sururu kuinuliwa, kusanya kikundi chote mbele ya kichaka kimoja na kila mtu akiguse.

Lantana mgeni, *Lantana camara*, ina shina la pembe nne lenye vijiba vilivyopinda. Majani yamekaa mawili mawili, yakielekeana, na ukiyapapasa yanakwaruza. Lisugue jani moja: harufu ni kali. Maua yake yamejikusanya kama kofia ndogo, na kichwa kimoja huwa na rangi mbili au tatu, manjano katikati, waridi au machungwa pembeni. Matunda ni ya kijani, kisha meusi yanayong'aa.

Sasa tafuta ndugu yake, *Lantana trifolia*. Huyu siye gugu tunalolifuata, na anapaswa kubaki. Mara nyingi majani yake hutoka matatu kwa pamoja kwenye kifundo kimoja, hana vijiba, maua ni ya zambarau hafifu, na matunda yamejipanga kwenye kichwa kirefu cha zambarau. Kila kikundi kina kijana mmoja mwepesi ambaye huwa ameshaushika mmea huu shingoni ndipo anauliza, "Madam, na huu?" Aulize kabla. Kanuni yangu ni kwamba usiyoitambua, ifungie kitambaa na uiache.

Tahadhari mbili. Matunda mabichi ya lantana yana sumu; mkija na watoto wa shule, waambiwe langoni. Na mtu asibebe majani kumpelekea mbuzi au ng'ombe wake. Huharibu ini, na ngozi ya mnyama huchomeka akikaa juani.

## Hatua ya 3: Kagua kichaka

Zunguka kiwanja chote taratibu, ukipiga shina kwa fito ndefu. Unatafuta vitu vinne: kiota chenye mayai au makinda, mzinga wa nyuki, msafara wa siafu, na nyoka. Bafe hulala kwenye majani makavu chini ya vichaka kama hivi na hakimbii haraka, kwa hiyo mtu humkanyaga. Fito itangulie, mkono ufuate.

Mkikuta kiota chenye uhai, ruka kichaka hicho na ukiandike daftarini. Mkikuta nyuki, ondokeni eneo hilo kabisa na mwambieni askari.

Mtu akiumwa na nyoka, msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Alale, kiungo kisitikiswe, pete na saa vivuliwe, askari apigiwe simu, na gari liende hospitali. Utajua lango lililo karibu zaidi ikiwa uliuliza kabla ya kuingia.

## Hatua ya 4: Matawi, kisha mzizi

Gawa watu wawili wawili. Mmoja hukata kwa mkasi, mwenzake hupiga sururu, na jozi zipokezane vifaa. Kazi inakwenda hivi.

Ondoa matunda kwanza. Kata vichwa vyenye matunda na maua, viende guniani moja kwa moja. Ndege ndio wanaosambaza mbegu, na kila tunda linaloanguka kiwanjani leo utaling'oa kama mche mwaka kesho.

Punguza matawi. Yakate hadi kibaki kisiki kinachofika magotini. Usikate chini zaidi. Kisiki hicho ndicho mpini wako.

Fuata matawi yaliyolala. Lantana huinamisha tawi, nalo likigusa udongo huota mizizi. Inua kila tawi lililolala na uone kama limeshika. Likiwa limeshika, hilo ni shina jingine, na hushughulikiwa peke yake.

Fukua kifundo. Kwangua majani na udongo kuzunguka kisiki mpaka uone mahali mashina yote yanapokutana. Ni sehemu nene, yenye makovu na vijicho vidogo. Hapo ndipo lantana inapochipulia. Panga likipita juu ya kifundo hiki, umeipogoa tu, nayo itashukuru.

Kata mzizi mkuu chini ya kifundo. Piga sururu ielekee chini kwa mshazari, sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, upande mmoja kisha wa pili. Mapigo matatu au manne yakilenga vizuri hutosha kwa kichaka cha kawaida. Mwenzako ausukume mpini, kisiki kitalegea na kuinuka kizima. Njia hii imetumika sana India, ambako lantana imekalia misitu mikubwa. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuchimba shimo kufuata mizizi yote. Ile myembamba iliyobaki chini haichipui, na kadiri unavyotifua udongo kidogo ndivyo unavyoamsha mbegu chache zilizolala humo.

Geuza na utazame. Askari mmoja ninayefanya naye kazi hajali ukubwa wa rundo. Huchukua kisiki chochote, hukipindua, na kutazama chini yake. Kikiwa na mkato mweupe wa mzizi mmoja mnene, hukirudisha bila neno. Kikiwa kimevunjika kwenye kifundo chenyewe, anatabasamu: "Vijana, mwenye nyumba bado yumo ndani." Basi wanarudi shimoni. Kila jozi ifanye ukaguzi huo kwa kila kisiki, na shimo lisiachwe na kipande chenye vijicho.

Kuna lantana kongwe zilizopanda hadi juu ya miti. Usizivute. Utavunja matawi ya mti unaotaka kuuokoa, na pengine kujiangushia tawi kichwani. Kata shina chini, ng'oa kifundo, na uache sehemu ya juu ikaukie hukohuko.

Dalili za mafanikio: mwisho wa asubuhi udongo umechafuka sehemu sehemu tu, miche ya asili yenye vitambaa bado imesimama, na hakuna kisiki hata kimoja kilichobaki ardhini. Mkimaliza theluthi mbili ya kiwanja, sawa. Hamisheni kamba na mwandike hivyo.

## Hatua ya 5: Visiki na mabaki

Visiki vipangwe juu chini, mizizi ikitazama angani, juu ya mawe au gogo kavu. Visiguse udongo.

Matawi yasiyo na matunda yanaweza kurundikwa pembeni yaoze. Magunia ya matunda yatoke msituni na kwenda mahali msimamizi atakapoelekeza. Usichome chochote. Moto msituni ni kosa, tena lantana hurudi kwa kasi mahali palipoungua. Baada ya wiki kadhaa visiki vikavu huwafaa akina mama wenye vibali vya kuokota kuni; waulize kabla ya kuvibeba kwenda kutupa.

## Hatua ya 6: Ngoja mvua ya kwanza

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, kwa sababu basi limeshakodiwa na miche imeshanunuliwa. Subiri wiki mbili au tatu tangu mvua ianze, kisha rudini watu wachache tu.

Mtakuta vitu viwili. Cha kwanza ni zulia la miche ya lantana, kila mmoja urefu wa kidole. Udongo ukiwa na maji, hung'oka kwa vidole viwili na mzizi wake wote. Cha pili, katika sehemu nyingi za misitu yetu, ni miche ya asili iliyojiotea: mukinduri hasa, wakati mwingine muthiga au hata muhugu. Mbegu zilikuwepo, kivuli cha lantana ndicho kilichozinyima nafasi. Kila mche uliojiotea uwekewe fito na kitambaa. Hauhitaji kuhamishwa, mizizi yake haijawahi kukunjwa kwenye karatasi ya kitalu, na katika mbio za kuishi utaushinda ule ulioununua.

Hesabu iliyojiotea kwanza, ndipo ujue ya kununua.

## Hatua ya 7: Kupanda kinachokosekana

Kwa nafasi ya mita 2 na nusu kati ya mche na mche, kiwanja chenu kinabeba miche 16. Ndiyo, 16. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila kikundi sasa kinataka kuripoti mamia kwa siku moja. Mamia hayo kwenye kiwanja kimoja yatanyang'anyana maji hadi Agosti, na mengi hayatafika.

Chagua nusu ya miti inayokua haraka: mukinduri (*Croton megalocarpus*) na muringa (*Cordia africana*). Hiyo ndiyo itakayotoa kivuli, na kivuli ndicho adui mkuu wa lantana. Nusu nyingine iwe ya wanaokua polepole na wanaovumilia kivuli: muhugu (*Brachylaena huillensis*), muthiga (*Warburgia ugandensis*), murarachi (*Calodendrum capense*). Mukima (*Grevillea robusta*), mkaratusi na jakaranda ni wageni. Haviingii hapa hata mkipewa bure.

Mche mzuri una urefu wa sentimita 30 hadi 60, shina gumu, na mizizi isiyozunguka ndani ya karatasi. Mrefu mwembamba unaoyumba umelelewa kivulini, urudishe kitaluni.

Panda Aprili, mwisho wiki ya kwanza ya Mei, udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 30. Sababu ya kupenda masika kuliko vuli ni kile kinachofuata. Baada ya Mei huja miezi ya baridi na mawingu, mche unapata muda wa kushika. Wa Novemba hukutana na jua la Januari ukiwa bado mchanga.

1. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu ukae upande wake.
2. Pasua karatasi ya mche kwa wembe, ushike bonge la udongo kwa viganja. Mche usishikwe shingo.
3. Udongo wa juu urudi kwanza. Mahali shina linapokutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi. Ukiuzika shina, litaoza.
4. Kandamiza kwa mguu taratibu, acha kibonde kidogo cha kukusanya maji.
5. Tandaza majani makavu, yakae mbali na shina upana wa kiganja, mchwa wasipate daraja.
6. Simika fito yenye kitambaa. Hii si urembo: muuaji mkubwa wa miche siku ya palizi ni panga la mtu wa kujitolea asiyeiona.
7. Zungushia matawi makavu ya miiba. Suni na swala wengine wadogo wa msitu hupenda machipukizi laini.

Hesabu karatasi za miche kabla ya kuondoka. Zilizoingia 16 zitoke 16.

## Hatua ya 8: Kurudi

Ratiba ya mwaka wa kwanza ni hii. Juni, palizi kwa mkono, mita moja kuzunguka kila mche. Septemba, hesabu: mingapi hai, mingapi imekufa, na kwa nini. Novemba, mvua ya vuli ikishalowesha, jaza mapengo na ung'oe lantana iliyochipua. Februari, hesabu tena.

Mkiwa na 13 hai kati ya 16 mwisho wa Septemba, mmefanya vizuri sana. Mkiwa chini ya 8, msinunue mingine kabla ya kujua chanzo. Mche uliokauka ukiwa umesimama ulikosa maji au ulipandwa umechelewa. Uliokatwa kwa mshazari ulikutana na panga. Usio na majani lakini shina ni la kijani uliliwa, ongeza miiba na uusubiri. Uliolegea na kung'oka ukiuvuta haukukandamizwa.

Lantana ikichipua kutoka kwenye shimo la zamani, kifundo kilibaki: sururu tena, mahali palepale. Ikiwa ni miche mipya iliyotawanyika, ni mbegu, na mkono unatosha. Chunguza hasa chini ya miti ambayo ndege hupenda kutua, mbegu hudondokea hapo.

Mbegu hukaa udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo panga kurudi baada ya kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu. Safari zinazofuata ni nyepesi. Watu wanne na saa mbili hutosha. Msichukue kiwanja cha pili kabla cha kwanza hakijapita Februari yake ya kwanza, na mkikichukua, acheni ukanda wa kichaka katikati ya viwili hivyo. Pongo na suni wanahitaji mahali pa kujificha mpaka miti yenu iwe na kitu cha kuwapa.

Kila baada ya hesabu, piga picha ukurasa wa daftari na umpelekee msimamizi wa msitu pamoja na ramani. Viongozi wa vikundi hubadilika, wasimamizi huhamishwa vituo, na kikundi kijacho kikipewa kiwanja chenu bila rekodi hiyo, kitaanza kwa kufyeka.